Kikombe cha Mama na Kalamu ya Risasi

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma nakuomba jambo moja. Bila ya kuinuka hapo ulipokaa, na bila ya kugeuka kutazama jikoni, nieleze kikombe ulichonywea chai asubuhi ya leo. Mkono wake umeanzia wapi na kuishia wapi? Mdomo wake ni mnene au ni mwembamba? Kina alama gani, na alama hiyo iko upande gani? Ikiwa umeweza kujibu yote kwa hakika, basi wewe ni mtu wa macho hasa, na makala hii haina la kukufunza. Ikiwa umebabaika, usione haya. Mimi niliulizwa swali jepesi kuliko hayo, kikombe chenyewe kikiwa hatua mbili mbele yangu, nikashindwa. Na aliyeniuliza alikuwa mama yangu mzazi, ambaye macho yake ndiyo yaliyokuwa yakimtupa mkono.

Kazi yangu ni uandishi wa habari. Niliisomea, nikapata diploma, na kwa miaka kadhaa nimelipwa mshahara kwa kuwa inasadikiwa kwamba mimi ni mtu wa kuona mambo na kuwaeleza wengine. Nimeeleza mafuriko, mikutano, ajali na harusi. Sikujua kwamba ndani ya nyumba yangu nilikuwa naishi kama mgeni aliyefunikwa kitambaa usoni.

Mama aliletwa Dar es Salaam kutoka Muheza miaka miwili iliyopita. Alikuwa amejikwaa mara tatu kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe, kizingiti alichokuwa amekivuka kwa zaidi ya miaka thelathini, na majirani wakatupigia simu. Sisi watoto tulidhani ni mtoto wa jicho, maradhi ambayo wazee wengi huyapata, na ambayo daktari huyaondoa kwa upasuaji, mtu akaona tena. Haikuwa hivyo. Tuliambiwa kwamba ni presha ya macho. Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa na kutoka wakati wote. Aghalabu maradhi haya huja pale maji hayo yasipotoka ipasavyo: shinikizo huongezeka, na shinikizo hilo huua polepole mshipa wa fahamu unaopeleka ubongoni kile ambacho jicho limekiona. Kwa watu wengi hayaumi. Huanza kuiba pembeni, mithili ya mwizi anayehamisha vyombo vya uani kwanza huku mwenye nyumba amekaa barazani, na mgonjwa hutanabahi wakati mwizi amekwisha ingia sebuleni. Tena, kinyume na mtoto wa jicho, kilichokwisha kuibiwa hakirudi. Dawa hulinda kilichobaki tu.

Jicho la kulia la mama lilikuwa limekwisha kabisa. La kushoto lilikuwa limebakiwa na sehemu ya katikati, akaona kama mtu anayechungulia kwa tundu la ufunguo. Alipewa chupa mbili ndogo za matone, moja ya asubuhi na usiku, ya pili ya usiku peke yake, na tukaonywa kwamba baina ya tone la chupa ya kwanza na tone la chupa ya pili zipite dakika zisizopungua tano, ili dawa moja isiioshe nyingine. Tukashukuru, tukarudi nyumbani Temeke, na kila mmoja wetu akashika shughuli zake.

Shughuli zenyewe unazijua, kwani bila shaka ni kama zako. Mke wangu hufanya kazi ya zamu kiwandani. Binti yetu yuko darasa la tano na hurudi jioni amechoka. Mimi hurudi usiku, kwa sababu gazeti halilali mapema. Asubuhi kila mtu alidhani mwenzake ameshamtia mama matone, na usiku kila mtu alidhani mwenzake atamtia. Miezi minne ikapita. Siku ya kurudi kliniki daktari alipima shinikizo, akakunja uso, akauliza: "Nani anamtia matone nyumbani?"

Nilimtazama mke wangu. Mke wangu akanitazama mimi. Mama akainamisha uso, akasema kwa upole, "Natia mwenyewe, daktari. Mengine huangukia shavuni."

Alisema hivyo ili kutusitiri. Ndani ya daladala hakuna aliyezungumza mpaka tulipofika.

Jumapili ya wiki ile nilikuwa nimekaa sebuleni nimejifunika gazeti. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na juu ya meza palikuwa na kikombe chake, kile cha bati cheupe chenye ukingo wa buluu, alichokuja nacho kutoka Muheza akakataa kunywea kingine. Akaniambia, "Hebu nitazamie, baba. Lile ua jekundu la kikombe bado lipo?"

"Lipo, mama," nikajibu nyuma ya gazeti.

Nilimsikia akipapasa meza. Niliposhusha gazeti nilimkuta amekileta kikombe mpaka karibu kabisa na jicho lake la kushoto, anakizungusha taratibu, kidole kikitangulia na jicho likifuata. Alikizungusha chote. Ua halikuwapo. Lilikuwa limekwisha futika miaka mingi iliyopita kwa majivu na dodoki, na mahali pake palikuwa na weupe uliochujuka, na karibu na mkono wa kikombe, pale rangi ilipobanduka, palikuwa na baka jeusi la chuma lenye ukubwa wa punje ya hindi. Akakirudisha mezani.

"Umejibu kabla hujatazama," akasema. Hakusema kwa hasira. Laiti angekasirika, ningeweza kujitetea.

Usiku ule nilikosa usingizi. Ua nililolishuhudia lilikuwa ua la utoto wangu. Nilikuwa nimetoa ushahidi wa kitu nilichokiona nikiwa na umri wa miaka saba. Nikajiuliza ni mambo mangapi mengine nayajibu hivyo: afya ya mama, uchovu wa mke wangu, maendeleo ya binti yangu. Nikaamka, nikachukua daftari la shule la binti yangu lililokuwa limebakiwa na kurasa tupu, nikachukua penseli yake, nikakiweka kile kikombe chini ya taa, nikaanza kukichora. Sikuwa nataka kuwa msanii. Nilitaka kujilazimisha kukitazama.

Picha niliyoichora ilikuwa aibu tupu. Kilikuwa ndoo, si kikombe. Kesho yake nilimwonyesha mzee mmoja aliyewahi kuwa mchoraji wa katuni katika magazeti, amekwisha staafu, lakini hupita ofisini petu kusalimia. Wasomaji wa makamo watakumbuka jinsi Christian Gregory alivyomchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru kwa mistari michache tu, na mtu mzima akacheka na kujiona mwenyewe mle ndani. Mzee huyu ni wa mlahaka huohuo. Aliitazama ndoo yangu, akaniuliza, "Mdomo wa kikombe umeuchora duara kamili. Ulikuwa umekitazama kwa juu?"

"La. Kilikuwa mezani, nami nimekaa kitini."

"Basi ulikionaje duara? Na chini umepiga mstari ulionyooka kama rula. Ulikuona kunyooka?"

Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba hili ni kosa la karibu kila mtu anayeanza. Tunajua kwamba mdomo wa kikombe ni duara, basi mkono huchora duara. Tunajua kwamba kikombe hukaa sawasawa juu ya meza, basi mkono hunyoosha mstari. Lakini mtu aliyekaa kitini huona mdomo wa kikombe kama duara lililobanwa, refu kwa upana na fupi kwa kimo, na kitako nacho huonekana kimepinda kuja mbele, tena kimepinda zaidi kuliko mdomo, kwa kuwa kiko chini zaidi ya usawa wa macho yake. "Umechora kikombe unachokijua," akasema. "Chora kilichopo."

Ndugu msomaji, maneno ya mama na maneno ya mzee yule yalikuwa maneno mamoja.

Tangu siku ile nikajiwekea kanuni: kila siku kitu kimoja, ukurasa mmoja, dakika kumi, bila ya kufuta, na tarehe iandikwe pembeni. Nilichagua vitu vidogo kwa sababu ya uvivu, nasema kweli. Kitu kidogo hukaa mkononi. Hakiendi popote, hakichoki, hakiombi malipo wala hakilalamiki kwamba hujakitendea haki. Nilichora kibiriti, kijiko, kitunguu, kifungo cha shati, kandambili iliyokatika ukanda. Kwa siku kumi na moja nilikuwa hodari. Siku ya kumi na mbili nilichelewa kazini, ya kumi na tatu umeme ulikatika, ya kumi na nne sikuwa na kisingizio chochote isipokuwa kwamba jana na juzi sikuchora. Wiki mbili zikapita, daftari likakaa juu ya kabati likikusanya vumbi. Nia peke yake ni kama moto wa makaratasi: huwaka kwa fahari na huzimika kabla ya maji kuchemka.

Kilichoniokoa ni zile chupa mbili za dawa. Baada ya aibu ya kliniki tulikubaliana kwamba asubuhi mke wangu au binti yetu atamtia mama tone, na usiku ni zamu yangu, hata nirudi saa ngapi. Usiku mmoja nilimtia tone la chupa ya kwanza, akafumba jicho, akabana kwa kidole pembe ya jicho iliyo karibu na pua kama alivyofundishwa, ili dawa isiteremkie puani na kooni. Zikabaki dakika tano za kungoja. Dakika tano za kungoja ni ndefu. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeondoka "mara moja" kuzima jiko, nikakutana na simu, nikasahau chupa ya pili, na mama akalala ameketi akiningoja. Safari hii nikajizuia. Nikaliona daftari juu ya kabati. Nikalishusha, nikachora kizibo cha chupa ya dawa.

Basi mambo mawili yaliyokuwa yakinishinda, kila moja kwa upande wake, yakashikana mikono. Tone la kwanza likiingia, penseli huanza. Dakika ya tano naiweka chini, natia tone la pili, mama hufumba tena, nami namalizia. Tangu nifunge kamba hizo mbili pamoja sijakosa usiku ambao niko nyumbani. Nikikumbuka dawa nakumbuka daftari, na nikilitamani daftari naifikia dawa. Mtu anayetaka kuanza desturi mpya, ya aina yoyote, namshauri asiitafutie saa yake peke yake, kwa maana siku ya mfanyakazi haina saa iliyokaa bure. Aifunge kwenye jambo ambalo halina budi kufanyika.

Halafu nikagundua jambo ambalo sikulitazamia. Vitu vidogo nilivyovichagua kwa uvivu ndivyo hasa vilivyokuwa vikienea katika lile tundu la ufunguo la mama. Uso wa mtu ni mkubwa mno kwake: humwona mtu jicho, kisha pua, kisha mdomo, vipande vipande. Barabara ni kubwa mno, na televisheni humchosha. Lakini kifungo huenea. Kijiko, akikizungusha, huenea. Baada ya kumaliza matone na kupumzisha jicho, akaanza kuniomba kile kitu, halafu daftari. Hukipapasa kitu kwanza, hukileta karibu, kisha huupitisha ukurasa mbele ya jicho lake chini ya taa, sehemu baada ya sehemu, kama mkaguzi wa hesabu.

Ni mkaguzi mkali. "Kijiko hiki kimelika upande mmoja, wewe umekichora sawa pande zote." Nilikitazama tena: kweli, ncha yake ilikuwa imelika upande mmoja, kwa miaka ya kukwangua ukoko wa sufuria kwa mkono uleule. "Kifungo hiki kina matundu manne, lakini uzi umepita katika mawili." Nilikuwa nimechora yote manne yana uzi, kwa kuwa vifungo vya aina ile ndivyo vinavyoshonwa. "Mbuzi ya nazi umeipa miguu, kivuli chake kiko wapi? Inaelea?" Usiku ule nilijifunza kwamba kitu kisicho na kivuli hakijakaa mahali.

Na kila kitu kilikuja na maneno yake. Mama, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa amekaa kimya dirishani nasi tukadhani ni uzee, alikuwa na habari za kila chombo. Tulikuwa hatujamuuliza.

Mke wangu mwanzoni alicheka. "Mtu mzima anachora vijiko," akawaambia jirani zetu. Lakini usiku mmoja aliporudi kutoka zamu alinikuta nachora mkasi wake wa kushonea, akasimama nyuma yangu, akasema, "Msumari wake umelegea, ndiyo maana kidole gumba kinaniuma." Nilikuwa nimeuona mkasi ule kwa miaka tisa. Asubuhi yake nikaupeleka kwa fundi. Binti yetu naye alidai daftari lake. Yeye huchora bila ya woga, na ndovu wake ni mdogo kuliko kitunguu. Sikumsahihisha, wala sishauri mzazi yeyote amsahihishe mtoto wake. Namuuliza tu swali la yule mzee: ulikiona hivyo? Mara nyingi hurudi mwenyewe kutazama.

Pengine utasema, kwa nini kujisumbua, ilhali leo kila mtu ana simu yenye kamera? Nami ninayo. Ndani yake mna picha mamia, na nyingi ni za mama. Lakini picha ya simu naipiga kwa nukta moja, na nukta hiyo hainilazimishi kutazama kitu. Naipiga ili niweze kuacha kutazama. Penseli hainipi ruhusa hiyo. Kila mstari unauliza: umeanzia wapi, umepinda wapi, umeishia wapi?

Nilisoma habari za mchoraji mmoja wa Italia, Giorgio Morandi, aliyefariki mwaka 1964. Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi na dada zake watatu katika mji wa Bologna, na chumba chake cha kulala ndicho kilichokuwa karakana yake. Mle ndani alichora chupa, mitungi, makopo na vikombe, vyombo vilevile, akivipanga na kuvipangua, kwa miongo ya miaka. Wataalamu wa sanaa humhesabu miongoni mwa wachoraji wakubwa wa karne ya 20. Naye Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968 hivi, juu ya vibao vya mraba, kwa rangi za mng'aro kama zile zinazopakwa baiskeli. Hakupitia chuo cha sanaa. Alifariki mwaka 1972, na miaka ile michache ilitosha jina lake kuwa jina la mtindo mzima unaojulikana duniani. Siwataji kwa kujilinganisha nao. Nawataja kwa sababu mmoja hakungoja vitu vya ajabu, na mwingine hakungoja vifaa vya ghali.

Vifaa vyenyewe ni hivi. Penseli ya kawaida ya HB, ile ya wanafunzi, inatosha. Ukipata na ya 2B kwa ajili ya vivuli, ni bora zaidi. Wazee wetu waliiita kalamu ya risasi, lakini ndani yake hamna risasi. Mna madini ya grafiti, ambayo hata ardhi yetu ya Mahenge inayo kwa wingi, yaliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa. Ufundi huo wa kuchanganya ulibuniwa na Mfaransa, Nicolas-Jacques Conté, na kupewa hataza mwaka 1795, wakati vita vilipoikatia Ufaransa grafiti safi ya Uingereza. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na mstari huwa mwembamba na hafifu. Grafiti ikizidi, huwa laini na nyeusi. Ndiyo maana ya herufi zile zilizopigwa chapa ubavuni. Karatasi si lazima iwe ya duka la sanaa: zile za ofisini zilizotumika upande mmoja, zikishonwa katikati kwa sindano na uzi, ni daftari zuri. Kichongeo kikipotea, tumia wembe, uangalie vidole. Taa moja ya upande mmoja ni bora kuliko taa nyingi, kwa kuwa huonyesha kivuli. Na usimwonyeshe mtu kurasa zako za kwanza, isipokuwa mtu atakayekuambia kweli.

Sasa niseme habari ya ufunguo, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Mama hufunga ufunguo katika pindo la kanga yake. Ni ufunguo wa chuma wa nyumba ya Muheza, umeota kutu shingoni, na meno yake yamelainika. Usiku mmoja, baada ya tone la kwanza, aliufungua mwenyewe akanipa: "Leo chora huu." Nikaanza. Ndugu zangu wawili, mmoja wa Tanga mjini na mwingine wa Mwanza, walikuwa wamekubaliana nami kwa simu juma lililotangulia kwamba nyumba ile ikodishwe yote, kwa kuwa mama hawezi tena kuishi peke yake, na kwamba tusimwambie kwanza, tusije tukamhuzunisha. Tuliona ni huruma.

Nilichora pete ya ufunguo. Nilichora shingo. Nilipofika kwenye meno penseli ikasimama. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hivi: haiwezekani kukitazama kitu kwa dakika tano, jino kwa jino, na wakati huohuo kumficha mwenyewe kwamba umekwisha kitoa. Mama alikuwa amefumba jicho, kidole pembeni mwa pua. Nikamwambia yote.

Alikaa kimya kidogo. "Nilikuwa najua," akasema. "Mnazungumza kwa simu kama kwamba masikio yangu nayo yana presha. Nilikuwa nangoja nione nani atakuwa wa kwanza kuniambia."

"Utuwie radhi, mama."

"Tia tone la pili kwanza, dakika zimepita."

Nikatia. Alipofumba tena akaendelea, "Umeuchora kama ufunguo wa mlango wa mbele. Huu si wa mbele. Wa mbele ulipotea zamani. Huu ni wa mlango wa uani. Vyumba vya mbele wakodisheni, fedha zinunue dawa. Chumba cha uani msikikodishe. Nikienda kuzuru kaburi la baba yenu nitafikia kwangu."

Hivyo ndivyo ilivyofanyika. Ndugu zangu walinilaumu kwa siku mbili, kisha wakaona kwamba mzee ametoa uamuzi bora kuliko wa watu watatu wenye macho sita. Mwaka jana mwezi wa Disemba tulimpeleka. Alifungua mlango wa uani mwenyewe, akapapasa kizingiti kwa mguu, akakivuka bila ya kushikwa mkono.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba penseli ni dawa. Dawa ni matone, na ushauri ni wa daktari. Mwenye mzazi, kaka au dada mwenye presha ya macho na aende akapimwe naye, kwa maana maradhi haya hupenda kutembea katika ukoo. Mimi mwenyewe nilikwenda, na nitakwenda tena. Kliniki iliyopita shinikizo la jicho la mama lilikuwa limeshuka. Daktari hakutupa habari ya muujiza: kilichopotea kimepotea, na tundu la ufunguo ni lilelile. Lakini halijazidi kufinyika. Alipouliza ni nani anayetia matone, safari hii hakuna aliyemtazama mwenzake.

Daftari la kwanza limejaa, na la pili limefika nusu. Jana nilihesabu kurasa, zikawa 231. Ukizipitia huwezi kusema kwamba nimekuwa mchoraji. Utaona tu kwamba vikombe vimeacha kuwa ndoo, vifungo vimepata uzi wao halisi, na mbuzi ya nazi imepata kivuli cha kukalia. Kwangu hayo yanatosha.

Usiku wa jana, kwa kuwa nilikuwa na makala hii moyoni, nilikichora tena kikombe cha mama. Mdomo nikauchora ulivyobanwa, kitako nikakichora kilivyopinda, na pale palipokuwa na ua sikuchora kitu. Tone la kwanza, dakika tano, tone la pili. Mama akiwa amefumba jicho aliniuliza, "Baka umeliweka?"

"Nimeliweka, mama."

"Liko upande gani wa mkono, kulia au kushoto?"

Nilikuwa nimelichora nusu dakika tu iliyopita, na jibu lilikuwa tayari ulimini. Nikakitazama kikombe kwanza, kisha nikamjibu.